Jando la Wagenia na hukumu za haraka za makanisa ya kiinjili

Mchungaji wa kiinjili anayehudumu kwa Wagenia, jamii ya wavuvi, pale mto Kongo unapogongana na mawe ya maporomoko ya Boyoma mjini Kisangani, hawezi kulikwepa swali la jando. Mtoto wa Mkristo aende na wenzake, au atahiriwe hospitali na mambo yaishe? Jibu lililozoeleka katika makanisa mengi ya uamsho ni fupi: mila ni giza, na aliyeokoka ameliacha giza. Nadai kwamba jibu hilo ni dhaifu hata kwa kipimo cha uinjili wenyewe. Linahukumu kabla ya kuchunguza, na kanisa lililozoea kuhukumu hivyo hukosa macho ya kuona hofu inayozaliwa ndani yake.

Eneo hilo lina historia ndefu ya mabishano ya aina hii. Wamisionari Wabaptisti kutoka Uingereza waliweka kituo Yakusu, mwendo mfupi kutoka Kisangani ukifuata mto, mwishoni mwa karne ya 19. Walipambana na libeli, unyago wa wavulana wa Kilokele, wakiuona kuwa mpinzani wa Injili. Lakini misheni hiyohiyo ilimlea John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ngoma zisemazo za Afrika mwaka 1949. Carrington alijifunza kupiga ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata kupanda na kushuka kwa sauti za Kikele, lugha ya Walokele. Kwa kuwa maneno mengi yana mfuatano uleule wa sauti, mpigaji hulizungushia kila neno maelezo marefu hadi msikilizaji wa mbali asiwe na shaka. Ngoma ilitangaza vifo na kuita watu kwenye sherehe za mababu, na ilifaa vilevile kuwaita kanisani. Carrington aliweza kupambanua hayo kwa sababu alikaa chini akafundishwa na wenye ngoma.

Jando la Wagenia lilipata mchunguzi wa namna hiyo mwaka 1970. André Droogers, Mholanzi, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu Huru cha Kongo, ambacho Waprotestanti walikianzisha mjini Kisangani mwaka 1963. Kitabu chake juu ya jando hilo kilitoka mwaka 1980. Wavulana walitengwa, wakatahiriwa, wakapitishwa katika vitisho, mizaha na nyimbo, kisha wakarudishwa kwa watu wao wakiwa na hadhi mpya. Mizaha ina uzito katika hoja yangu. Droogers baadaye alilifanya wazo la mchezo kuwa nguzo ya nadharia yake ya dini: mtu anaweza kuingia katika ishara kwa moyo wote huku akijua kwamba ni ishara. Kama ndivyo, mchungaji anayesema kila tendo la jando ni ibada kwa mizimu amejibu swali ambalo hajawauliza waliotahiriwa.

Lipo pia suala la ushirika. Kwenye maporomoko, sehemu za kuvulia ni haki za familia. Miti mirefu husimikwa katika matundu ya mawe, hufungwa kwa kamba za mwituni, na migono mikubwa huning'inizwa katikati ya maji yanayokwenda kasi. Hakuna anayejenga jukwaa hilo peke yake. Kumtenga mvulana na rika lake katika jamii ya namna hiyo ni uamuzi mzito wa kimaadili, na kanisa linaloutaka lazima liseme litampa rika gani badala yake. Kipaimara cha Jumapili moja hakitoshi.

Napokea pingamizi la Byang Kato, mwanateolojia wa Nigeria aliyefariki Mombasa Desemba 1975. Mwaka huohuo kitabu chake kilionya kwamba teolojia ya Afrika ilikuwa inateleza kuelekea mchanganyiko wa dini. Onyo lake lina haki yake: pale jando linapodai sadaka kwa wafu, Mkristo hana budi kukataa, hata akichekwa. Lakini Agano la Lausanne la mwaka 1974, hati ambayo wainjili wengi duniani wameikubali kama dira, linaona katika utamaduni wema na uzuri unaotokana na uumbaji pamoja na doa la dhambi, na linaagiza kila utamaduni upimwe kwa Maandiko. Kupima ni kazi ya kutenga hiki na kile. Anayetupa vyote hajapima chochote.

Na kipimo hicho lazima kiguse ibada zetu wenyewe. Katika miji ya Kongo, Kisangani ikiwemo, wapo watoto walioitwa ndoki, yaani wachawi, na ndugu zao, wakapelekwa kwa wachungaji, wakafungishwa chakula, wakafungiwa, wakalazimishwa kukiri kwamba wamewala watu usiku. Mara nyingi ni yatima au watoto wa kambo, na nyuma ya shutuma kuna kifo, ugonjwa au ufukara uliokosa maelezo. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza shutuma hizo. Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Ninaumia kuona kwamba waliolikataa jando kwa ajili ya vitisho vyake wameruhusu madhabahuni kitisho kisicho na mwisho. Mvulana wa jando hurudi nyumbani akishangiliwa. Mtoto aliyeitwa ndoki, hata akishaombewa, mara nyingi mlango wa nyumbani haufunguki.

Kwa hiyo sinodi au baraza la wachungaji la Kisangani linalotaka kutoa tamko juu ya jando lianze kwa kuwaita Wagenia Wakristo waliotahiriwa kambini, liwasikilize hatua kwa hatua, na katika kikao hichohicho lifungue faili la maombi ya ukombozi yanayofanyiwa watoto katika makanisa yake, likiuliza maswali yaleyale: nani anaogopeshwa, kwa jina la nani, na nani atampokea baadaye.