Meza na Mashine

Mwaka 1997 mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la New Jersey huko Marekani, alinitumia tiketi ya ndege nikamtembelee wakati wa likizo. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Tanga, na jambo hilo msomaji alikumbuke, kwa kuwa ndilo linaloniongezea aibu. Siku mbili kabla ya kurejea nyumbani, mdogo wangu alinikabidhi bahasha yenye dola 120. Zilikuwa fedha za kumpeleka mama hospitali akaondolewe mtoto wa jicho. Kesho yake, kwa kuwa yeye alikuwa kazini, aliniombea nafasi katika basi la wazee wa mtaa wake waliokuwa wakienda matembezi Atlantic City. "Utaiona bahari, kaka," aliniambia.

Bahari niliiona kwa dakika kumi. Saa nne zilizosalia nilikuwa nimeketi mbele ya mashine ya kamari, na niliponyanyuka bahasha ilikuwa tupu.

Mambo haya sijapata kuyaandika. Nayaandika leo kwa sababu kuna swali lililonisumbua tangu siku ile, nami nimelisomea kadiri nilivyoweza. Ndani ya jumba lile palikuwa na meza za karata, za dadu na za ruleti, na pia palikuwa na mashine safu kwa safu. Kwa nini mimi, na karibu wote tulioshuka katika basi lile, tulizipita meza tukaenda kwenye mashine?

Sababu ya kwanza naijua bila kusoma kitabu. Mezani kulikuwa na watu. Mgawaji karata alivaa kizibao, akisema kwa haraka maneno ambayo Kiingereza changu cha shule hakikuyafikia. Walioketi walijua lini waguse meza kwa kidole na lini wapunge mkono. Ukikosea pale, watu saba wanakutazama. Tena kiwango cha chini cha kucheza kilikuwa dola 5. Mashine ilikuwa ikiomba robo dola tu, na haikuniuliza nimetoka wapi. Basi lilikuwa limetupa kila abiria fungu la robo dola 40 kuwa zawadi ya jumba, yaani dola 10. Zawadi ile ilikuwa imekwisha kunichagulia pa kwenda kabla sijafika mlangoni.

Historia ya mashine hizi ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Dadu na karata ni za kale sana, lakini mashine ya kamari ni ya juzi. Mwaka 1891, huko Brooklyn, kampuni ya Sittman na Pitt ilitengeneza mashine ya senti 5 iliyozungusha karata 50 juu ya madebe matano. Mashine ile haikuweza kulipa yenyewe, maana namna za karata kupangana zilikuwa nyingi mno. Aliyepata karata nzuri alikwenda kaunta ya baa akapewa bia au sigara. Kwa hiyo bado alihitajika mtu wa kushuhudia ushindi.

Aliyemwondoa shahidi huyo ni Charles Fey, fundi mzaliwa wa Bavaria, Ujerumani, aliyekuwa na karakana San Francisco. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alitengeneza mashine aliyoiita Liberty Bell, maana yake Kengele ya Uhuru. Alipunguza madebe yakawa matatu, na alama zikawa tano: kiatu cha farasi, kisu, uru, kopa na kengele. Kila gurudumu lilikuwa na vituo 10, hivyo mpangilio wote ulikuwa 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Kwa hesabu ndogo kama hiyo, vyuma vyenyewe viliweza kutambua ushindi na kumwaga sarafu. Kengele tatu zililipa senti 50. Tangu siku hiyo mtu aliweza kucheza, kushinda na kushindwa bila kusema neno na mtu mwingine.

Sheria iliziandama mashine hizi mapema. San Francisco ilizipiga marufuku mwaka 1909, na jimbo zima la California likafuata mwaka 1911. Wenye mashine wakatafuta ujanja: mashine ikajidai inauza ubani wa kutafuna wenye ladha za matunda. Ndiyo maana hadi leo mashine nyingi zina picha za limau na matunda mengine, na ile alama ya BAR ni mabaki ya nembo ya ubani. Mwaka 1934 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipigwa picha akizivunja kwa nyundo, na vipande vyake vikatupwa majini. Jimbo la Nevada lilikuwa limekwisha halalisha kamari mwaka 1931, lakini hata huko, kwa miongo kadhaa, mashine zilihesabiwa kitu cha pembeni, cha kuwashughulisha wake wakati waume zao wako mezani. Fedha nzito ilikuwa ya meza.

Mambo yaligeuka kwa hatua. Miaka ya 1963 na 1964 kampuni ya Bally ilileta Money Honey, mashine ya umeme iliyoweza kumwaga sarafu hadi 500 bila kumwita mhudumu. Katika miaka ya 1970 zikaja mashine za kioo mithili ya televisheni. Kisha mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipata hataza ya uvumbuzi ambao mimi, mwalimu wa hesabu, nilipousoma nilisikia baridi mwilini. Kabla yake, nafasi za ushindi zilifungwa na idadi ya vituo vilivyoko kwenye gurudumu. Magurudumu matatu yenye vituo 22 kila moja yanatoa mpangilio 10,648, basi. Telnaes aliweka kompyuta ichague namba, kisha gurudumu litii. Kompyuta ikiwa na vituo 64 kwa kila gurudumu, mpangilio unafika 262,144, ilhali jicho la mchezaji bado linaona vituo 22. Zawadi kubwa sana sasa iliwezekana, maana ilifanywa kuwa adimu sana. Na vituo vilivyo juu na chini ya alama kubwa vinaweza kupewa namba nyingi zaidi, ili alama ile ipite karibu na mstari mara kwa mara bila kutua.

Siku ile Atlantic City niliona alama kubwa ikikosa mstari kwa upana wa kidole, tena na tena. Nilijiambia nimekaribia. Wanafunzi wangu niliwafundisha kwamba katika bahati nasibu hakuna kukaribia, na kwamba mzungusho uliopita haukopeshi mzungusho ujao. Nililijua hilo ubaoni, lakini mkononi sikulijua. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kukosa kidogo namna hiyo huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na humtia mtu hamu ya kuendelea.

Sasa tupige hesabu ambayo nilipaswa kuipiga siku ile. Ruleti ya Kimarekani ina vituo 38, nayo hulipa 35 kwa 1. Jumba linabaki na asilimia 5.26. Tuseme mtu anaweka dola 5 kila mara, na gurudumu linazungushwa mara 38 kwa saa, kwa kuwa watu huweka fedha, husubiri, hulipwa. Atakuwa ameweka dola 190, na kwa wastani atapoteza dola 10. Upande wa mashine, sheria ya New Jersey ilitaka irudishe angalau asilimia 83. Tuseme ile yangu ilirudisha 90. Niliweka robo tatu kila mara, yaani senti 75. Kwa kubonyeza mara moja kila baada ya sekunde 7 hivi, mtu hufikisha mara 500 kwa saa. Hizo ni dola 375 kwa saa, na hasara ya wastani ni dola 37 na nusu. Mimi niliyeogopa meza kwa sababu ya dola 5, nilikwenda penye hasara inayokaribia mara nne. Kwa saa nne hasara hufika dola 150. Nikijumlisha zawadi ya basi, fedha zangu za mfukoni na bahasha ya mama, hesabu inakaribia sana.

Je, wachezaji wangeyajua haya wangehamia mezani? Zamani nilidhani hivyo. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwanahisabati, alichapisha kitabu akionyesha kwamba katika mchezo wa karata wa ishirini na moja, anayehesabu karata anaweza kulizidi jumba. Hata asiyehesabu, akifuata kanuni sahihi, humwachia mwenye jumba kama nusu ya asilimia moja tu. Yaani meza ilikuwa na mlango wa akili, na habari ilitangazwa kwa wote. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mapato ya mashine huko Nevada yaliyapita ya meza, na leo mashine zinaleta karibu theluthi mbili ya mapato ya kasino za jimbo hilo.

Mwenye jumba ana sababu zake. Mashine haiombi mshahara wala haichoki, na kila aliye na nafasi ya sakafu atapanga kinachomlipa. Lakini mchezaji naye ana lake, na hapo ndipo kitabu cha Natasha Dow Schüll, kilichotoka mwaka 2012, kilinifumbua macho. Mama huyu alikaa miaka mingi Las Vegas akizungumza na watu waliotekwa na mashine. Wengi walimwambia kwamba hawakuwa wakicheza ili washinde. Walicheza ili waendelee kucheza, wakae mahali ambapo muda, deni, maradhi na watu vinatoweka.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini, nikatoka nje. Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nimejidanganya kwamba nilicheza ili kumwongezea mama fedha. Ukweli ni kwamba baada ya saa ya kwanza sikumkumbuka mama. Nilishinda mara kadhaa, na kila niliposhinda nilizirudisha sarafu ndani bila kuzihesabu. Mezani mtu huweza kuambiwa, "Mzee, inatosha." Mezani kushindwa kuna shahidi, na tena kuna mwenye kosa, maana ulichagua karata mwenyewe. Kwenye mashine hakuna shahidi wala mwenye kosa. Nadhani tulizipita meza kwa sababu hiyo kuliko nyingine zote. Tulikuwa tunakimbia macho ya watu. Lakini macho ya watu, ambayo tunayaonea haya, ndiyo mara nyingi yanayotuzuia tusiangamie.

Nilirudi Tanga na bahasha tupu. Nilimwambia mama kwamba fedha zitakuja. Dola 120 zilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, na ilinichukua miezi tisa kuzikusanya kidogo kidogo. Katika miezi hiyo mama aliwatambua wajukuu kwa sauti. Alipofunguliwa jicho mwaka 1998, alinitazama kwa muda mrefu akasema, "Umekonda, mwanangu." Sikumjibu. Alifariki mwaka 2006 bila kuambiwa, na mdogo wangu atajua atakapofika ukurasa huu.

Siku hizi mashine imekuja yenyewe, hatupandi tena basi kuifuata. Hapa kwetu vijana huiita dubwi, na utaikuta pembeni mwa baa au duka la mtaani. Tanzania ina sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia. Kenya, mwaka 2018, serikali ilizikamata mashine za namna hii nyingi na kuziteketeza, kama La Guardia na nyundo yake.

Mwezi uliopita nilimkuta kijana wa jirani yetu, fundi pikipiki, amesimama mbele ya dubwi na mikono yake ya grisi, akitia sarafu. Nilijua hotuba haitamfaa. Mimi mwenyewe nilikuwa na hotuba nzima kichwani siku ile. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake, nikamsalimu, nikamuuliza habari za mamake. Alijibu huku akitazama kioo. Baada ya dakika chache akanigeukia, akacheka kwa haya, akasema, "Mwalimu, ukinitazama hivyo siwezi kucheza."

Nikamwambia nitakuja na kesho.