Kloni, mitumba na mpunga: historia fupi ya kompyuta za Wang'uru

Wadau, leo tuweke programu kando tuongee historia ya vyuma. Vijana wengi wananiuliza wanunue prosesa gani kwa pesa kidogo, kana kwamba swali ni jipya. Hapa Wang'uru lina umri wake.

Tuanze na pesa zenyewe. Tangu 1966 skimu ya Mwea ilikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji: inachukua mpunga, inakata gharama zake, mkulima anapewa kilichobaki. Mwaka 1998 wakulima waliasi wakaanza kuuza wenyewe, na vinu vya watu binafsi vikachipuka mjini. Mwenye kinu ana magunia ya kuhesabu na madeni ya kufuatilia. Ndiyo maana wateja wa kwanza wa kompyuta niliowajua hapa walikuwa watu wa mchele. Walinunua baada ya mavuno, na mashine ikifa mwezi wa tatu, basi, rudi kwenye daftari mpaka mavuno mengine.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kloni, yaani mashine isiyo na jina, unaiunganisha kwa vipande kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Jambo hili liliwezekana kwa sababu IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilitumia vipande vilivyouzwa sokoni, wengine wakaiga. Njia ya pili ni mitumba, "ex-UK" kama tulivyoziita: Compaq Deskpro, Dell OptiPlex na ndugu zao.

Mimi nilikuwa mtu wa kloni, na sababu ni moja tu: kipande kikifa unabadilisha hicho hicho. Kuna Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo plagi ya pawasaplai inafanana kabisa na ya kawaida, lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka ya dukani unaweza kuunguza madabodi. (Aliyebuni hilo hakuwahi kuishi kilomita mia moja kutoka duka la vipuri!)

Prosesa ndiyo iliyokuwa raha. Celeron 300A ya Intel, ya 1998, ilikuwa ya bei nafuu, lakini ukipandisha basi kutoka 66 hadi 100 nyingi zilikimbia megahezi 450 bila kulalamika. Mwaka 2000 AMD wakaleta Duron, na kwa bajeti ndogo Intel wakapata mshindani wa kweli.

Lakini kilichoua mashine hapa mara nyingi hakikuwa prosesa. Ni umeme. Mota ya kinu ikiwashwa, taa za jirani zinafifia, na pawasaplai ya bei rahisi haivumilii mchezo huo. Fundi aliyenifunza alizipima kwa mkono: nyepesi kama sanduku tupu, anarudisha, hata kama karatasi imeandikwa wati 400. Halafu vumbi la pumba. Linaziba feni na pande la kupozea prosesa, kwa hiyo kasha lenye matundu mengi mbele, ambalo wanaojenga mashine Nairobi wanalisifia, kwetu ni balaa.

Jina kubwa nalo halikuwa kinga. Kati ya 1999 na 2007 hivi, dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu, zile zinazovimba kichwa. Mwaka 2005 Dell yenyewe ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya OptiPlex zilizopatwa. Ndiyo maana mpaka leo nafungua kasha kabla ya kutoa pesa.

Bei nazo ziliamuliwa mbali. Tetemeko la Taiwan la Septemba 1999 lilipandisha bei ya memori ghafla. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalifunika mashamba ya mpunga na viwanda vya hadidiski kwa pamoja, na bei ya diski ikakaribia kuwa mara mbili. Kwa watu wa Mwea hiyo ni habari ya kueleweka: maji yakizidi, kila kitu kinapanda.

Mwishowe mitumba ilishinda, lazima nikubali. Kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka michache Ulaya, ukiiwekea SSD mpya, inamtosha mwenye kinu kwa bei ambayo vipande vipya haviifikii. Plagi za pawasaplai bado ninazikagua.