Maji Yaliyofika Ungoni kwa Masimulizi

Maposeni ni kata ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, jirani na Peramiho, mahali ambapo watawa wa Kibenediktini walianzisha misheni yao mwaka 1898. Kabla Wajerumani hawajaichora upya nchi hiyo katika ramani zao, ilikuwa sehemu ya Njelu, mojawapo ya dola mbili za Wangoni. Ya pili ni Mshope, upande wa kaskazini. Mwanafunzi azaliwaye huko, akianza kusoma visasili vya ulimwengu, hukuta kwamba viwili amekwisha kuvirithi nyumbani, na vyote viwili ni vya maji.

Cha kwanza ni cha mto. Zwangendaba, kiongozi aliyewatoa Wangoni kusini mwa Afrika, alipofika Zambezi na watu wake aliyapiga maji kwa fimbo. Maji yakagawanyika, watu na ng'ombe wakapita. Msikilizaji aliyelelewa kwa Kurani au kwa Biblia hamkosi Nabii Musa hapo, na mwenye shaka atasema kwamba fimbo hiyo huenda iliingizwa katika kisa na masikio yaliyokwisha kusikia mahubiri. Na iwe hivyo. Lakini kisa hicho hicho kinasema pia kwamba siku ya kuvuka jua lilifunikwa mchana. Wanafalaki walipofanya hesabu zao walikuta kupatwa kwa jua tarehe 20 Novemba 1835, na kwa hiyo tarehe iliyo thabiti kupita zote katika safari ile ndefu imetokana na simulizi ambalo mtu angeweza kulitupa kwa sababu ya ile fimbo. Masimulizi mengi ndivyo yalivyo: neno la kweli na neno la pambo hulala kitanda kimoja, wala hayamwambii mgeni lipi ni lipi.

Cha pili ni cha maji ya Ngarambe, nacho kiligharimu roho za watu.

Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, aliingia majini akazama. Ndugu zake walimwomboleza. Kesho yake akatoka mzima, na masimulizi yanasisitiza kwamba nguo zake zilikuwa kavu. Alikuwa amepagawa na Hongo. Akawagawia watu dawa ya maji, akawaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji. Julai 1905 vita iliwaka Umatumbi bila kungoja amri yake, na tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Mohoro.

Songea dawa hiyo ililetwa na mjumbe aitwaye Kinjala, mwezi huo huo wa Agosti ukielekea mwisho. Hapo pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Maji yalipofika Ungoni, mwenye maji alikwisha kufa. Wangoni hawakumwona Kinjikitile wala nguo zake kavu. Walichopewa ni maji pamoja na hadithi ya maji, tena kutoka kinywa cha mtu mwingine. Mputa Gama, Nkosi wa Njelu, hakulipokea neno hilo kwa sababu ya hadithi tupu. Alikuwa na kinyongo chake na Wajerumani, na tena mmisionari mmoja alikuwa amekichoma moto kibanda chake cha mahoka, yaani mizimu ya wazee wake. Hata hivyo bila mjumbe kinyongo kingekaa moyoni. Septemba misheni ya Peramiho ikateketezwa. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa alinyongwa Songea pamoja na makumi ya wakuu wengine, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Mkomanile. Baada ya kamba ikaja njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma vyakula na mashamba kwa makusudi. Serikali ya Wajerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa katika eneo zima la vita. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Miaka sitini na mitatu ilipita ndipo wanafunzi walipokwenda kuwauliza wazee. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Gwassa na John Iliffe, iliwatuma vijana wake vijijini kukusanya masimulizi ya vita. Wawili kati yao, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, waliandika juu ya Ungoni, na kazi yao ikatoka kitabu mwaka 1969. Ni kitabu chembamba chenye heshima kubwa. Kinaandika Mngoni alipigana chini ya nani na kwa sababu gani, na ndani yake vita ile haina sura ya jeshi moja la taifa moja ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Mwaka huo huo mwanafunzi mwingine wa chuo hicho hicho, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, alichapisha tamthilia yake Kinjeketile. Msomaji ataona kwamba irabu mbili za jina zimebadilika. Si kosa la mpiga chapa. Katika dibaji yake Hussein anatangaza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, wala asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Ni tangazo la kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, na kwa uaminifu linawashinda wasimulizi wengi wenye mvi. Kisha, akiisha kujipa uhuru huo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kidonda. Hongo, kwa kinywa cha Kinjeketile, anasema kwamba Mjerumani akifukuzwa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Neno hilo Hussein hakulibuni. Limo katika masimulizi ya wazee. Ila yeye alimfanya nabii mwenyewe azinduke na kuuliza ni uhuru gani huo wa kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Msomaji wa visiwani hawezi kulipita swali hilo kama mgeni.

Akisoma zaidi, mwanafunzi atakuta maji ya Ngarambe yana ndugu duniani. Kwa Waxhosa, mwaka 1856, binti Nongqawuse alisema wafu watafufuka na Wazungu watafagiliwa baharini, ng'ombe wakichinjwa na nafaka ikiharibiwa. Maelfu kwa maelfu wakafa njaa. Lugha ya Waxhosa na ile waliyotoka nayo akina Zwangendaba ni za ukoo mmoja. Walakota wa Marekani walivaa mashati matakatifu yasiyopenya risasi, na tarehe 29 Desemba 1890 wakauawa Wounded Knee. Nchini China mwaka 1900 wapiganaji wa Yihetuan waliamini miili yao haiingii risasi. Kishawishi ni kuvifunga visa hivi vyote katika kanga moja na kusema mnyonge popote hulia kilio kimoja. Hapo ndipo msomaji wa visasili anapopotea, kwa kuwa Waxhosa walichinja ng'ombe wao wenyewe, Walakota walikuwa wakicheza ngoma, na Wangoni walikwenda vitani na mikuki yao ya kawaida. Kufanana kwafaa kumfungulia mtu mlango, si kumpa nyumba.

Pana ugumu mwingine. Kinjeketile imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Mjukuu huirudi nyumbani na kitabu, hukisoma kwa sauti, na babu husikia. Mtafiti ajaye baadaye hawezi kujua kwa urahisi kama anayosimuliwa barazani yametoka kwa mababu au yametoka kwa Hussein kwa njia ya darasa la kidato cha tatu. Mwaka 1975 Patrick Redmond aliandika makala ya kuupima upya uandishi juu ya vita vya Ungoni, na wanahistoria waliofuata wamezidi kuitilia shaka ile picha ya umoja. Washairi nao walikuwa na neno lao mapema zaidi: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi zamani za Wajerumani wenyewe, naye aliiona kwa jicho la mtu wa mji wa pwani, ambalo si jicho la Njelu.

Mkasa wa tamthilia ni wa Rufiji na Mahenge. Mwanafunzi wa Maposeni akitaka kusimulia ya kwao itambidi arudi kwa Mapunda na Mpangara, na kwa majina yaliyotunzwa katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea. Mmoja wa walionyongwa ni nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba radhi mbele ya wajukuu zake. Aliahidi kwamba kitatafutwa, akaongeza kuwa hawezi kuahidi kwamba kitapatikana.