Mfupa wa Ukubwa wa Korosho

Hapa Tukuyu ukisema mkono unakuuma mwezi wa saba sasa, watu wanakuangalia usoni kwanza, si mkononi. Hauna bandeji, haujavimba, na asubuhi umeonekana ukishika mwavuli. "Kaka, unajidekeza," ndivyo ninavyoambiwa pale tunaponyanyulia vyuma, ambavyo vingi ni sementi iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. "Ungekuwa umeumia kweli, tungeona."

Neno hilo, "tungeona", lina historia ndefu, na nimeifuatilia katika miezi hii niliyokatazwa kunyanyua.

Mwaka 1814 daktari wa Dublin, Abraham Colles, alieleza namna mfupa wa mkono unavyovunjika karibu na kifundo. Hakuwa na njia ya kuuona. Alipapasa kwa vidole, akalitazama umbo la mkono, akaandika. Miaka 81 ikapita. Desemba 22, 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen akapiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa, na pete kidoleni. Haikufika hata miezi minne, Aprili 1896, Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ikafanyika Athens, na kunyanyua vyuma kulikuwemo. Launceston Elliot wa Uingereza alishinda kwa mkono mmoja, Viggo Jensen wa Denmark kwa mikono miwili. Mchezo wetu na mashine ya kuchungulia mifupa ni marika.

Lakini hata eksirei haioni yote. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Mmoja wao, skafoidi, umepewa jina kutokana na neno la Kigiriki la mtumbwi. Mtu wa Mtwara angeuita korosho tu. Ukipata ufa, picha ya siku za mwanzo inaweza isioneshe kitu. Ndiyo maana daktari mwangalifu huufunga mkono hata kama picha ni safi, kisha anakurudisha upigwe nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Halafu kuna suala la damu. Sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma. Ufa ukiukata katikati, kipande cha nyuma kinabaki na njaa. Unaweza kuunga kwa miezi, unaweza usiunge kabisa, na kile kipande kinaweza kufa.

Picha yangu ya kwanza, niliyopigwa siku ya pili baada ya kuumia, haikuonesha kitu. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nimeteguka. Ya pili, wiki ya tano, ilionesha ufa mwembamba kama unywele. Nikakaa na plasta wiki 12. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda na kifundo kigumu kama bawaba yenye kutu. Sasa nakamua taulo iliyoloa. Nashika chupa ya maji ya lita moja, naishusha na kuipandisha polepole. Wiki hii nimeruhusiwa chuma kitupu cha kilo 20, ila kukivuta kutoka chini tu. Kukipokea mabegani, pale kifundo kinapokunjwa nyuma hadi mwisho, hilo litakuja mwisho kabisa.

Katika kusoma huko nilikutana na wabeba uzito wengine wa huku kwetu. Mei 1916, Waingereza walipouteka mji huu, ukiitwa bado Neu Langenburg, vita ilitembea kwa miguu na vichwa vya watu. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi, na Rungwe nayo ilitoa wa kwake. Mzigo mmoja ulikuwa kilo 25 hivi, siku baada ya siku, mvua na matope. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni Carrier Corps iliyotamkwa Kiswahili. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa pale mjini mwaka 1927 inawakumbuka wapagazi kwa jumla. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Wakati huohuo eksirei ilikuwa na umri wa miaka 20, na kule Ufaransa Marie Curie alikuwa amekwishapeleka magari yenye mashine hiyo karibu na uwanja wa mapigano. Kwa hiyo ujuzi wa kuona ndani ya mkono ulikuwepo. Kilichoamua ni mkono wa nani unaostahili kutazamwa. Mpagazi alihesabiwa kwa mzigo aliofikisha, na akisema anaumwa bila jeraha la kuonekana, neno lake lilipambana na shaka ileile ya "tungeona", tofauti ni kwamba yeye hakuwa na ruhusa ya kuutua mzigo.

Mimi chuma changu nakitua nikitaka, na kesho yake nachapa habari kwa mkono huohuo. Kwa hiyo nikiambiwa najidekeza siku hizi sibishani sana. Ninachosema ni hiki: ukianguka na kiganja, ukasikia maumivu kwenye kile kibonde kilichopo chini ya kidole gumba, na picha ikawa safi, rudi baada ya wiki mbili ukapigwe nyingine. Mwambie na dada anayetoka shambani kwenye chai, na kijana anayepakia ndizi kwenye lori pale stendi. Wao hawaitwi wanamichezo, ila wana mifupa ileile minane.