Karai Moja ya Udongo

Tunakumbuka jinsi Nehemia na watu wake walivyomaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Leo tutazame ukuta mwingine, ule wa Kano, mji wa kale wa Wahausa kaskazini mwa Nigeria.

Huo haukumalizika kwa siku wala kwa mwaka. Habari za wafalme wa Kano zasema ulianzwa na Gijimasu, aliyetawala tangu 1095 hadi 1134. Muhammadu Rumfa akaupanua katika karne ya 15. Ulikuwa wa udongo, lakini mahali pengine ulifika futi 50 kwenda juu. Ndani mlikuwa na mashamba na maji, hata adui akiuzingira mji, watu wasife njaa.

Basi, ni nani aliyeuangusha? Twaweza kusema ni Waingereza, walioingia kwa mizinga Februari 1903. Lakini mizinga ilitoboa mahali padogo tu. Ukuta wa udongo hutaka kukandikwa tena kila mvua zikiisha. Vita vilipokoma, ulionekana hauna kazi. Ukaachwa, mvua ikaumega, na wenyeji wenyewe wakachimba udongo wake kujengea nyumba, kila mmoja karai yake. Leo yamebaki magofu, na malango yaliyotengenezwa upya.

Hakuna aliyekusudia kuubomoa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi je, tulichorithi kwa jasho la wazee wetu, tunakikandika, au tunakuja na karai?