Muda Ambao Bakteria Hawapewi: Methani ya Migodi ya Makaa na Mipaka ya Tiba ya Kibaolojia

Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2024/1787, iliyoanza kutumika Agosti 2024, imewabana wachimbaji wa makaa ya mawe kuliko sheria yoyote iliyoitangulia barani humo. Kuanzia mwaka 2027, migodi ya makaa ya kuzalishia umeme haitaruhusiwa kutoa angani kupitia mashimo ya hewa zaidi ya tani 5 za methani kwa kila tani 1,000 za makaa. Mwaka 2031 kiwango kitashuka hadi tani 3. Kwa migodi ya Silesia nchini Poland, ambayo mingi ina gesi nyingi, huo ni mtihani mzito. Haishangazi basi kwamba wazo la zamani limefufuka: kuwakabidhi bakteria kazi ya kuila methani kabla haijafika angani.

Wazo hilo lilipata nguvu mpya mwaka 2023, timu ya Mary Lidstrom wa Chuo Kikuu cha Washington ilipoonyesha kwamba aina moja ya bakteria, Methylotuvimicrobium buryatense 5GB1C, hukua vizuri hata methani ikiwa sehemu 500 tu kwa milioni. Ni kazi ya kisayansi ya kiwango cha juu, nami siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwamba kikwazo kilikuwa uroho mdogo wa bakteria na sasa kimeondoka. Kwa mgodi unaofanya kazi, kikwazo hakijawahi kuwa hapo. Kikwazo ni muda.

Kuhusu mambo ya msingi hakuna ubishi. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati yanaipa sekta ya makaa takriban tani milioni 40 za methani kwa mwaka, na tani moja ya gesi hiyo hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20. Katika migodi ya chini ya ardhi, sehemu kubwa ya methani hutoka ikiwa imechanganyika na hewa ya feni, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Hilo ni la makusudi: methani ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka, kwa hiyo feni huizimua ili wachimbaji wabaki hai. Gesi iliyozimuliwa namna hiyo haiwaki yenyewe, na hapo ndipo bakteria wanapoonekana kuwa jibu.

Ushahidi ninaoutegemea ni wa zamani kidogo, na naamini haujasomwa kwa makini unaostahili. Mwaka 1993, Lindsay Sly na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitoa matokeo ya chujio la maabara lililobeba utando wa bakteria aina ya Methylomonas fodinarum. Hewa yenye methani ya asilimia 0.25 hadi 1, yaani hewa ya mgodi hasa, ilipokaa ndani ya chujio dakika 15, zaidi ya asilimia 70 ya methani iliondolewa. Kwa dakika 20, ilifika asilimia 90. Kwa dakika 5, iliondoka asilimia 20 tu. Makala hii hunukuliwa kama uthibitisho kwamba bakteria wanaweza, na kweli wanaweza. Lakini hebu tuipeleke mgodini.

Tuchukue West Cliff, katika jimbo la New South Wales huko huko Australia. Mwaka 2007 ulianza kufanya kazi pale mtambo wa kuunguza methani kwa joto kali, ukipokea mita za ujazo 250,000 za hewa kwa saa yenye methani ya takriban asilimia 0.9, na joto lake likiendesha jenereta ya megawati 6. Hiyo ilikuwa karibu moja ya tano tu ya hewa yote ya mgodi. Tukiipitisha hewa hiyo kwenye chujio la Sly kwa dakika 15, tunahitaji nafasi ya mita za ujazo 62,500. Kwa hewa yote ya mgodi, zaidi ya mita za ujazo 300,000: uwanja mzima wa mpira wa miguu uliojengewa kuta za mita 44 kwenda juu, wote ukiwa umejaa utando hai, unyevu na virutubisho, na feni zikisukuma hewa kupitia humo usiku na mchana. Ukinzani wowote unaowekwa mbele ya feni hizo ni hewa inayopungua kwa watu walio chini. Sioni mhandisi wa usalama wa mgodi akitia saini.

Hesabu haiishii hapo. Moja ya tano ile ya hewa ya West Cliff ilibeba takriban tani 13,000 za methani kwa mwaka. Tuseme bakteria wanakula asilimia 70 na kila tani inazaa nusu tani ya miili yao ikiwa mikavu. Tunapata zaidi ya tani 4,500 za tope la bakteria kila mwaka. Kwa kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya miili hiyo ni nitrojeni, mtu atapaswa kuwalisha mamia ya tani za nitrojeni. Na nitrojeni ikizidi, baadhi ya vijiumbe vya humo huweza kuitoa kama nitrasi oksaidi, gesi joto iliyo mbaya mara nyingi kuliko methani yenyewe. Utando uliozeeka huzaa miili michache kuliko bakteria wachanga wanaokuzwa maabara, kwa hiyo takwimu hizi zinaweza kushuka. Hazitashuka kiasi cha kubadilisha picha.

Watetezi watajibu kwamba 5GB1C ni hodari kuliko M. fodinarum. Tukubali, hata tufupishe muda mara tano. Bado bakteria hawali gesi hewani. Huila ikiwa imeyeyuka katika maji yanayowazunguka, na methani huyeyuka kwa shida mno. Hewa yenye methani ya asilimia 0.5 huacha takriban miligramu 0.1 tu kwa lita moja ya maji. Kimeng'enya cha bakteria kikiwa na kasi namna gani, kitasubiri gesi ivuke kutoka hewani hadi kwenye maji, na kasi ya uvukaji huo haibadilishwi na jeni lolote la bakteria. Tanuri la West Cliff lilimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Wengine wanataka bakteria waingizwe mgodini kwenyewe. Hilo lilipendekezwa katika Umoja wa Kisovieti tangu mwaka 1939, na baadaye likajaribiwa huko Donbas kwa kunyunyizia mchanganyiko wa bakteria kwenye miamba ya makaa na sehemu zilizokwisha kuchimbwa. Hapa niseme wazi kwamba naliona kuwa hatari. Kila molekuli ya methani inahitaji molekuli mbili za oksijeni ili ioksidishwe, kwa hiyo kuwalisha bakteria ni kupeleka oksijeni mahali palipojaa makaa yaliyovunjikavunjika, na makaa ya namna hiyo yakipata oksijeni hujipasha joto hadi kuwaka yenyewe.

Je, bakteria hawana kazi? Wanayo, katika migodi iliyokufa. Mgodi uliofungwa huendelea kuvuja kwa miongo ya miaka, isipokuwa ukijaa maji, na Shirika la Kimataifa la Nishati linaikadiria migodi ya aina hiyo kutoa karibu tani milioni 5 za methani kwa mwaka. Humo hakuna feni wala mchimbaji wa kulindwa. Kanieneo ya hewa ikishuka, mgodi hupumua nje. Ikipanda, huvuta ndani, na mvuto huo hupitisha oksijeni kwenye udongo ambamo bakteria wanaishi. Gesi ikiwa nzito, iunguzwe kwa kuzalisha umeme, kama Ujerumani inavyofanya katika migodi yake ya zamani. Ikiwa hafifu au ikitoka kwa kusitasita, tabaka la mboji na udongo juu ya tundu linatosha kuwa chujio. Mbinu hiyo tayari inafanya kazi kwenye madampo ya taka barani Ulaya, ambako mtiririko ni wa polepole na eneo ni pana.

Kwa machimbo ya wazi kama Ngaka mkoani Ruvuma, ambako gesi hutawanyika juu ya ukuta mzima wa makaa bila kupita shimo lolote, chujio halina pa kufungwa, na mjadala huu hauwahusu wenye machimbo hayo kwa sasa.

Kwa hiyo, kila andiko la kuomba fedha za utafiti wa bakteria kwa ajili ya hewa ya mgodi lingepaswa kuanza na namba moja: mita ngapi za ujazo za chujio kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa sekunde. Kwa chujio la Sly, namba hiyo ni 900. Mradi usioweza kuishusha hadi makumi machache, ukionyesha hivyo kwa hewa halisi yenye vumbi la makaa na si gesi safi ya mtungi, haustahili fedha za umma zinazotengwa kwa migodi inayofanya kazi; fedha hizo zielekezwe kwenye matanuri ya mashimo ya hewa, na bakteria wapelekwe kwenye migodi iliyofungwa.