Nyama mbichi kwa paka: nyama ya bucha si panya

Siku hizi simu zetu zimejaa video za wafugaji wa ng'ambo wakiwapa paka nyama mbichi na kusema hicho ndicho chakula cha asili yao. Kwetu pwani jambo hili si geni. Paka wa Lamu na wa Mji wa Kale, Mombasa, wameishi miaka na miaka kwa vichwa na matumbo ya samaki, na ukisimama buchani hukosi kumuona paka shume akingojea kipande cha pafu. Mimi nafuga paka, na suali hili naulizwa sana na majirani: je, nyama mbichi inamtosha paka, na ni salama kwake na kwa walio nyumbani?

Kwamba paka ni mla nyama halina mjadala. Wali na mchuzi haumjengi. Mwili wake wahitaji taurini, ambayo hawezi kujitengenezea ya kutosha, nayo haipatikani katika wali, ugali wala mboga. Imo nyamani, zaidi kwenye moyo, na imo kwa wingi katika pweza na kome. Paka akiikosa kwa muda mrefu macho huharibika hadi akawa kipofu, na moyo wake hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, akiwemo daktari wa mifugo Paul Pion, walionyesha kuwa paka waliokuwa wakiugua maradhi hayo ya moyo walipungukiwa na taurini, na kwamba wakiongezewa wengi wao hupata nafuu. Na hao walikuwa paka wa kulishwa vyakula vya madukani! Baada ya hapo ndipo watengenezaji wakaongeza taurini kwenye vyakula vyao. Vitamini A nayo, sisi twaweza kuipata kwa kula karoti. Paka hawezi, yeye lazima aipate kwa mnyama, kama vile kwenye maini.

Kwa hivyo wanaosifu nyama wana haki yao. Tatizo ni kuwa paka wa asili hali steki, hula panya mzima: damu, moyo, maini na mifupa. Nyama tupu ya bucha ina fosforasi mara 15 hadi 20 kuliko kalsiamu. Mtoto wa paka akilishwa hiyo peke yake, mwili huanza kuichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa utamuona hataki kuruka, anachechemea, na mguu waweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka kitini tu. Mapafu, ambayo wengi wetu hununua kwa sababu ni rahisi, yana upungufu huo huo. Na maini yakizidi, kila siku maini, vitamini A hurundikana mwilini na mifupa ya shingo hushikana hata paka akashindwa kugeuza kichwa au kujiramba. Mara moja au mbili kwa wiki, kipande kidogo, yatosha.

Samaki tumzungumze kwa urefu, maana ndiye chakula cha paka wetu. Baadhi ya samaki, hasa wa jamii ya dagaa, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka anayelishwa hao kila siku huanza kukataa chakula, kisha hupepesuka kama mlevi, kichwa hukiinamisha kifuani, na mwisho hushikwa na kifafa. Watu husema karogwa au kala sumu ya panya. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo akapigwa sindano za B1 huweza kupona haraka. Ukimpika samaki, kimeng'enya hicho huharibika. Jodari naye, akiwa ndiye chakula cha kila siku, mafuta yake humaliza vitamini E, na mafuta ya mwili wa paka huvimba na kuuma hata ukimgusa hulia. Ama bunju, matumbo yake msiyatupe ovyo kabisa. Sumu yake haiondoki kwa moto.

Sasa usalama. Panya huliwa papo hapo akiwa moto. Nyama ya bucha imechinjwa alfajiri, ikapakiwa, ikatundikwa, na katika joto letu la nyuzi 30 bakteria kama salmonela huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana. Paka mzima aweza kuwala asiugue, kisha akawatoa katika kinyesi, na sahani yake ikaoshwa pamoja na vyombo vya watoto. Kugandisha kwenye friza hakuwaui. Huwalaza tu, na stima ikipotea nusu siku huamka. Ugonjwa wa mafua ya ndege aina ya H5N1 umeongeza hofu nyingine: huko Oregon, Marekani, Desemba 2024, paka wa ndani alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga chenye virusi hivyo.

Lililo zito zaidi ni toksoplasma, kimelea ambacho paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi. Paka hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara ya kwanza tu anapoambukizwa. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mimba yaweza kutoka au mtoto akazaliwa na kasoro ya macho au ubongo. Nimeona paka wakitiwa magunia na kwenda kutupwa sokoni kwa sababu bi harusi kashika mimba, kisha jioni ile ile huyo mjamzito akaletewa mishkaki isiyoiva, nayo ni njia ya kimelea hicho hicho. Mayai hayo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wa paka ukisafishwa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua mno. Paka anayekula vilivyopikwa na asiyewinda ni nadra kukipata.

Mimi huchemsha. Nyama au samaki kwa maji kidogo, bila chumvi, na kabla ya kitunguu maji wala thomu kuingia chunguni, kwani hivyo viwili huharibu damu ya paka, na ndiyo sababu mabaki ya biriani hayamfai. Supu simwagi, maana taurini huyeyukia humo. Huchanganya nyama na moyo wa ng'ombe au wa kuku, na kwa nusu kilo ya nyama hutia nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa kama unga. Mifupa iliyopikwa sitoi, huvunjika kwa ncha kali. Mtoto wa paka, au jike mwenye mimba, naona bora apewe chakula kamili cha dukani kwa sehemu kubwa, kwa sababu kwao upungufu mdogo hudhuru upesi.